Silaha Angani, Hasara Malishoni

Nataka tuzungumzie silaha zinazopelekwa, au zinazotishiwa kupelekwa, kwenye anga za juu. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya wakubwa wa Washington, Moscow na Beijing, na kwamba sisi hayatuhusu. Nakuomba univumilie kidogo, kwa sababu sikuja kusimulia vita. Nimekuja kuzungumzia fedha: nani hupoteza, hupoteza kiasi gani, na kwa nini hasara hiyo haibaki kwa wale wanaogombana.

Tuanzie Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Tangu mwaka 2010 wafugaji wa huko wameweza kuwakatia bima ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo wao. Bima ya kawaida isingewezekana. Hakuna kampuni itakayotuma mkaguzi kwenda kuhesabu mizoga katika kila boma lililo mbali na barabara, katika nchi kubwa na kame kama ile. Kwa hiyo watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao yake Nairobi, pamoja na wenzao wakatafuta njia nyingine. Hawapimi mnyama, wanapima nyasi. Na nyasi hizo hazipimwi na mtu anayetembea porini, zinapimwa na satelaiti. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu wa jua na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao jicho la binadamu halioni. Jani likikauka, uwiano huo hubadilika. Satelaiti ikipita juu inausoma uwiano huo, wataalamu wanaulinganisha na ule wa miaka iliyopita, na ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa katika mkataba, mfugaji analipwa. Hadaiwi ushahidi wala haambiwi alete ngozi ya ng'ombe aliyekufa.

Mwaka 2015 serikali ya Kenya nayo ikaanzisha mpango wake, ikaanzia Wajir na Turkana, ikawalipia wafugaji wasio na uwezo. Ukame wa 2016 ulipouma, mpango ule ulitoa pesa. Februari 2017 kaya zaidi ya 12,000 katika kaunti sita zilipokea jumla ya shilingi milioni 214 za Kenya. Ukigawanya, ni kama shilingi 17,800 kwa kaya. Mtu wa mjini anaweza kusema hizo si pesa. Kwa mfugaji ni nyasi za kununua, maji ya boza na dawa za mifugo, na ni majike machache yatakayovuka kiangazi ili mvua ikirudi awe na pa kuanzia. Asiyekuwa nazo huwapeleka wanyama wake mnadani wakati kila mtu anauza, akapewa bei ya kutupa.

Sasa sikiliza kisa hiki. Miongoni mwa satelaiti ambazo picha zake zimetumika kwa miaka mingi kupima malisho hayo ni Terra, ya shirika la anga la Marekani, NASA. Ilirushwa Desemba 1999 ikawekwa kilomita kama 705 juu ya vichwa vyetu. Tarehe 22 Juni 2007 wahandisi wake walilazimika kuwasha injini na kuisogeza Terra kutoka kwenye njia yake, kwa sababu kulikuwa na kipande cha chuma kinakuja. Kipande hicho kilitoka wapi? Miezi mitano kabla, tarehe 11 Januari 2007, China ilirusha kombora na kuivunja satelaiti yake yenyewe ya hali ya hewa, Fengyun-1C, iliyokuwa kilomita zipatazo 865 kutoka ardhini. Ilikuwa inajaribu silaha. Satelaiti moja ikawa vipande zaidi ya 3,000 vikubwa kiasi cha kufuatiliwa kwa rada, na vidogo visivyohesabika.

Mfugaji wa Marsabit hana ugomvi na China. China haina ugomvi naye. Hata hivyo, chombo kilichokuja kumsomea nyasi zake kilikwepa kifo kwa sababu ya jaribio la silaha ambalo hakuna aliyemuuliza maoni yake, na mafuta ya kukwepea yaliungua. Mafuta ya satelaiti za aina hii hayaongezwi. Yakiisha, chombo hakiongozwi tena hata kama kamera zake ni nzima. Kila kukwepa ni siku zinazokatwa katika umri wake, na kila siku iliyokatwa ina bei yake.

Hii ndiyo hoja yangu ya leo, msikilizaji. Silaha ya angani ni kodi, na inatozwa kwa watu wasiokuwemo katika vita. Haina risiti, haina bunge lililoipitisha, na hakuna anayeweza kuikatia rufaa.

Tuseme kweli, China haiko peke yake. Marekani iliivunja satelaiti yake mwaka 1985 kwa kombora lililofyatuliwa kutoka kwenye ndege ya kivita, ikarudia Februari 2008 kwa kombora la melini. India ilifanya hivyo Machi 2019. Urusi ikaivunja Cosmos 1408 tarehe 15 Novemba 2021, na siku ile watu saba waliokuwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu, Warusi wakiwemo, waliamriwa wakimbilie kwenye vyombo vyao vya kurudia duniani, wakajifungia humo. Vipande vikubwa vilivyotokana na jaribio hilo vilipita 1,500. Kampuni ya SpaceX iliwaarifu wasimamizi wa mawasiliano wa Marekani kwamba kati ya Desemba 2021 na Mei 2022 satelaiti zake za Starlink zilikwepa vipande vya Cosmos 1408 mara zipatazo 1,700. Mara 1,700 katika nusu mwaka, kwa jaribio moja! Leo Starlink inauza intaneti Rwanda, Kenya, Burundi na Kongo. Anayelipia huduma hiyo kila mwezi analipia pia gharama za kukwepa, hata kama bili yake haisemi hivyo.

Kwa nini kipande kidogo kinaogopesha hivyo? Ni mwendo. Katika njia za chini za kuizunguka dunia, kila kitu hukimbia kama kilomita 27,000 kwa saa. Kipande cha sentimeta moja kwa mwendo huo kinatosha kuua satelaiti. Shirika la anga la Ulaya linakadiria kwamba vipande vya kuanzia sentimeta moja kwenda juu vinavyoizunguka dunia hivi sasa vimepita milioni moja. Vingi havikutokana na silaha. Ni maganda ya roketi na vyombo vilivyolipuka vyenyewe. Februari 2009 satelaiti ya kampuni ya Iridium iligongana na satelaiti mfu ya Kirusi juu ya Siberia, bila mtu kukusudia. Ila majaribio ya silaha yameongeza sehemu kubwa kupita kiasi kwa matukio machache sana, na yameongeza kwa makusudi. Tangu mwaka 1978 mwanasayansi wa NASA, Donald Kessler, na mwenzake walionya kwamba vipande vikizidi kiasi fulani vitagongana vyenyewe, vizae vingine, navyo vigongane, mpaka njia fulani za angani zisifae kwa kazi yoyote.

Nikilitafutia mfano jambo hili, naona mabomu ya kutegwa ardhini. Msumbiji ilimaliza vita vyake mwaka 1992, lakini ilibidi ingoje hadi Septemba 2015 kutangazwa kuwa haina tena mabomu hayo. Miaka 23 baada ya amani bado kulikuwa na shamba lisilolimwa na njia isiyopitika. Askari aliyelitega bomu alikwisha kurudi kwao, pengine alikwisha kufa, na mkulima ndiye aliyekuwa anaendelea kulipa. Na angani ni vigumu zaidi, kwani hakuna kikosi kinachoweza kwenda kutegua chuma kinachokimbia kilomita 27,000 kwa saa. Kilicho chini huvutwa na hewa kikashuka na kuungua baada ya miezi au miaka. Kilicho kilomita 850 kinaweza kukaa miongo mingi. Kilicho kilomita 36,000, kwenye mzingo wa satelaiti za televisheni na za hali ya hewa, hakishuki kabisa.

Nimeeleza makombora. Lakini lipo jambo baya zaidi, nalo si la kubuni, limekwisha kutokea. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia la megatani 1.4 kilomita 400 juu ya bahari ya Pasifiki, karibu na kisiwa cha Johnston. Jaribio hilo liliitwa Starfish Prime. Huko Hawaii, umbali wa kilomita kama 1,400, taa za barabarani zipatazo 300 zilizimika na kengele za wezi zikalia zenyewe. Hilo ndilo watu waliloliona usiku ule. Wasiloliona ni chembe za umeme zilizotawanywa na mlipuko, ambazo zilinaswa na usumaku wa dunia zikatengeneza ukanda wa mionzi uliodumu kwa miaka. Kila satelaiti iliyopita humo ililiwa polepole: vibao vyake vya sola vikadhoofika, mitambo yake ikachanganyikiwa.

Angalia sasa ni nani waliopata hasara. Uingereza, rafiki mkubwa wa Marekani, ilikuwa na satelaiti moja tu, ya kwanza katika historia yake, Ariel-1, iliyokuwa haijamaliza hata miezi mitatu angani. Ikaharibika. Siku moja baada ya mlipuko ikarushwa Telstar, satelaiti ya kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani hiyohiyo, chombo cha biashara, cha kwanza kuvusha matangazo ya televisheni ya moja kwa moja juu ya bahari ya Atlantiki. Nayo ilikunywa mionzi ile, ikaanza kuzimika mwezi Novemba, na kufikia Februari 1963 ilikuwa imekufa. Bomu la Marekani liliua chombo cha rafiki yake na chombo cha mfanyabiashara wake. Adui aliyekusudiwa kutishwa alikuwa na vyombo vichache tu angani siku ile.

Mwaka 1962 satelaiti zote zilizokuwa hai zilikuwa chache za kuhesabika upesi. Leo zimepita 10,000. Ndiyo maana Marekani ilipotangaza Februari 2024 kwamba Urusi inatengeneza silaha ya kushambulia satelaiti, iliyoripotiwa kuwa ya nyuklia, wenye kampuni walishtuka kama walivyoshtuka majenerali. Urusi ilikana. Tarehe 24 Aprili 2024 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapigia kura azimio la Marekani na Japani lililozitaka nchi zote zisipeleke silaha za nyuklia angani, jambo ambalo tayari limekatazwa na Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967. Nchi 13 ziliunga mkono, China haikupiga kura, Urusi ikatumia turufu yake kulizuia. Mwezi uliofuata Urusi ikaleta azimio lake la kuzuia silaha za aina zote angani, likapata kura saba, likaanguka. Kila upande ulikuwa na maelezo mazuri. Matokeo yake ni kwamba mkataba wa 1967, unaokataza silaha za nyuklia na za maangamizi lakini haukatazi makombora ya kawaida, umebaki na pengo lilelile lililokuwepo tangu nizaliwe.

Hebu tuingie kwenye suala la nani analipa. Mtu atasema: si kuna bima? Kuna bima ya satelaiti, lakini mikataba yake kwa kawaida huondoa madhara ya vita na ya silaha za kushambulia satelaiti. Yaani chombo kikiharibika kwa hitilafu unalipwa, kikiharibiwa kwa silaha unabaki na hasara yako. Na soko lenyewe ni dogo. Mwaka 2023 satelaiti mbili za kampuni ya Viasat zilipata hitilafu, hakuna aliyezipiga, na madai yake yakafika kama dola milioni 770. Satelaiti mbili tu, na wenye bima wakatetemeka. Wakitetemeka wanapandisha ada, na mwenye satelaiti anaipitisha ada hiyo kwa kituo cha televisheni, kwa benki, kwa kampuni ya meli, na hao wanaipitisha kwako.

Basi tuseme sheria. Upo Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972. Unasema kitu cha angani kikianguka na kuharibu mali ardhini, nchi iliyokirusha inalipa, hata kama haikukosea. Mkataba huo umetumika mara moja tu kwa madai rasmi. Januari 1978 satelaiti ya Kisovieti Cosmos 954, iliyokuwa na tanuri la nyuklia ndani yake, ilianguka kaskazini mwa Kanada na kutawanya mabaki yenye mionzi. Kusafisha kuligharimu karibu dola milioni 14 za Kanada. Kanada ikadai milioni sita na kidogo. Mwaka 1981 ikapokea milioni tatu. Hiyo ni Kanada, nchi tajiri, yenye mawakili na ushahidi mkononi, katika kesi ambayo mwenye chombo alijulikana.

Lakini madhara yakitokea hukohuko angani, sheria hubadilika: mwenye kudai lazima athibitishe kosa. Sasa fikiria. Mwisho wa Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo kama 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Wanakijiji waliikuta ingali na joto. Tunamshukuru Mungu haikumpata mtu. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba ni sehemu ya roketi, likaichukua kwenda kuichunguza. Kama pete ya nusu tani, iliyolala ardhini, unayoweza kuizunguka na kuipima kwa futi kamba, inahitaji uchunguzi ili ijulikane ni ya nani, ni wakili gani atakayethibitisha asili ya kipande cha sentimeta mbili kilichotoboa satelaiti kilomita 600 juu na kutoweka?

Na wenye kutoboka kwa urahisi ni sisi. Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, satelaiti yake ya kuchunguza ardhi, kwa gharama ya shilingi milioni 50, ili isaidie kilimo na usalama wa chakula. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimetangulia mwaka 2018 na kiboksi cha sentimeta 10 kila upande. Rwanda ikafuata 2019, Uganda 2022. Hivyo ndivyo nchi maskini zinavyoingia angani, kwa vyombo vidogo na vya bei nafuu, na vyombo vya aina hii vingi havina injini ya kukwepea. Tajiri ana mafuta ya kusogea, ana rada za kumwonya, na ana chombo kingine cha akiba. Wanafunzi wetu wana kile kimoja.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikija pwani ya Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa, wavuvi wakaambiwa wasitoke. Picha zinazowezesha kukifuatilia kimbunga katika bahari yetu hutoka kwenye satelaiti kama Meteosat ya Ulaya, iliyotulia juu ya Bahari ya Hindi kilomita 36,000 kutoka hapa, ikipiga picha kila baada ya dakika 15. Ichukue picha hiyo uiondoe. Nahodha wa jahazi la kisiwani Mafia atabaki na macho yake na uzoefu wa baba yake, ambavyo ni vitu vya thamani, lakini havioni kimbunga kilicho umbali wa siku mbili.

Kuna pia saa. Satelaiti za GPS hubeba saa za atomiki, na minara mingi ya simu duniani, mifumo ya benki na gridi za umeme hurekebisha majira yake kwa saa hizo. Marekani ilifanya hesabu mwaka 2019, ikaona GPS ikizimika inapoteza dola bilioni moja kwa siku. Uingereza ilikadiria mwaka 2023 kwamba siku saba bila huduma hiyo zingeigharimu pauni bilioni 7.6. Na hapa silaha si lazima iwe bomu. Katika Bahari ya Shamu na Ghuba, mawimbi ya GPS yamekuwa yakivurugwa kwa mitambo ya ardhini. Mei 2025 meli ya makontena MSC Antonia ilikwama karibu na Jeddah, na wachambuzi wa safari za meli wakahusisha ajali hiyo na uvurugaji huo. Bahari ya Shamu ndiyo njia ya bidhaa zetu kutoka Ulaya. Meli ikikwama au ikizunguka Rasi ya Tumaini Jema, bei inaonekana Mombasa na Kariakoo.

Nigusie na upande wa matumizi, maana fedha haipotei kwa uharibifu tu, hupotea pia kwa kutengeneza. Machi 1983 Rais Ronald Reagan alitangaza mpango wa kuzuia makombora ya nyuklia, sehemu yake kwa silaha za angani. Kufikia 1993 ulikuwa umetumia kama dola bilioni 30, na hakuna hata silaha moja ya angani iliyowekwa kazini. Mei 2025 Rais Donald Trump akatangaza mpango mwingine, Golden Dome, akasema utagharimu dola bilioni 175. Mwezi huohuo ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba sehemu ya makombora ya angani peke yake inaweza kugharimu kati ya dola bilioni 161 na bilioni 542 katika miaka 20. Sababu ya ughali huo ni rahisi kuielewa. Kombora la angani halikai mahali pamoja, linaizunguka dunia, kwa hiyo ili liwepo moja juu ya adui kila dakika inabidi uwe na mamia au maelfu yanayopokezana. Na kwa kuwa yako chini, hewa huyavuta yakaanguka baada ya miaka michache, ukaanza kununua upya.

Mwaka huohuo wa 2025, mwishoni mwa Januari, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ulisimama pia mtandao wa FEWS NET, unaotumia satelaiti na taarifa za masoko kuonya juu ya njaa. Ulianzishwa mwaka 1985 baada ya njaa ya Ethiopia, na nchi za pembe hii ya Afrika ni miongoni mwa zinazoutegemea zaidi. Ulirudi baadaye mwaka huohuo. Sisemi fedha za njaa zilihamishiwa kwenye makombora. Nasema serikali huonyesha inachothamini kwa kile inachokizima na kile inachokiwasha, na hilo linaniuma.

Je, sisi tufanye nini? Kwanza tusijifanye wageni. Desemba 1970 satelaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikawa ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza nyota kwa miali ya eksirei. Na mwaka 1976 huko Bogotá, nchi nane za ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda, Kongo ya Brazzaville na Zaire, zilitangaza kwamba sehemu ya mzingo wa kilomita 36,000 iliyo juu ya ardhi zao ni rasilimali yao ya asili. Wakubwa walilikataa dai hilo, na kisheria halikusimama. Lakini wajumbe wale walielewa jambo ambalo wengi wetu tumelisahau: anga ile ni mali, ina bei, na asiyeisimamia atapangishiwa au ataharibiwa.

Aprili 2025 Shirika la Anga za Juu la Afrika lilizinduliwa rasmi mjini Cairo. Naliomba shirika hilo lisiishie kwenye sherehe na kushughulikia picha za ardhi. Naziomba wizara za fedha za Nairobi, Dodoma, Kampala, Kigali na Kinshasa zifanye hesabu kama walivyofanya Wamarekani na Waingereza: siku moja bila satelaiti inatugharimu shilingi ngapi, faranga ngapi, katika simu, benki, bandari, bima ya mifugo, utabiri wa mvua? Hesabu hiyo ikiwa mkononi, balozi wetu akisimama New York au Geneva hataomba hisani. Atakuwa anadai haki ya mlipaji.

Desemba 2022 nchi 155 katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa zilikubali wito wa kuacha majaribio ya makombora yanayovunja satelaiti na kutawanya vipande angani. Tisa zilikataa. Wito haufungi mtu, lakini ni mwanzo, na tangu hapo hatuna sababu ya kurudi nyuma. Kila mwisho wa mwaka Baraza hilo hupiga kura tena juu ya silaha za angani, na nchi yako huwa na kura moja sawasawa na Marekani, Urusi na China. Msikilizaji, mbunge wako akija jimboni, muulize kura hiyo ilipigwaje mwaka huu, na kwa sababu gani.